Saa za Safari ya Ndege Hupotelea Wapi

Mstari mfupi kuliko yote kati ya Johannesburg na Dubai unakata mkoa wa Ruvuma, juu ya mapori yaliyo kati ya Namtumbo na Tunduru. Ndege zinazosafiri kati ya miji hiyo miwili hutumia kama saa 8 hewani, na kusini yote ya Tanzania huimaliza kwa dakika chache. Mtu wa Maposeni anayetaka kwenda Dubai hiyohiyo ana hesabu nyingine kabisa. Atatoka nyumbani, pale jirani na Peramiho, hadi stendi ya Songea. Akipanda basi la Dar es Salaam atapita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, zaidi ya kilomita 900, na atakuwa ametumia saa 14 au zaidi kabla hajafika hata mjini palipo na uwanja wa ndege za kimataifa. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni kama kilomita 4,000, na ndege huzimaliza kwa saa 5 na nusu hivi. Chini ya robo ya njia basi, yaani ile ya ndani ya nchi yake, imemla saa mara mbili na zaidi ya sehemu yote iliyobaki.

Hesabu hiyo inapingana na mazoea yetu ya kufikiri. Tukisikia safari ya Ulaya, China au Marekani ni ndefu, tunadhani urefu wake ni wa kilomita, na kwamba dawa yake ni ndege yenye mbio zaidi. Ushahidi wa karibu miaka 100 ya usafiri wa anga katika Afrika Mashariki unaonyesha jambo jingine. Kilomita zinahesabiwa, ndiyo, na upepo pia. Lakini sehemu kubwa ya saa za msafiri huliwa na mambo mawili yasiyoonekana kwenye ramani: nani ameruhusiwa kupita anga ya nani, na msafiri anasubiri muda gani kati ya chombo kimoja na kingine. Kwa mtu wa Ruvuma hilo la pili ndilo kubwa kuliko yote.

Tuanze na njia yenyewe, maana ndiyo inayowachanganya watu wengi. Ramani ya ukutani darasani imebandua ngozi ya dunia ya mviringo na kuitandaza kwenye karatasi bapa, na haiwezi kufanya hivyo bila kuvuta mahali fulani na kubana pengine. Ndiyo sababu Greenland huonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko hiyo karibu mara 14. Mstari ulionyooka kwenye karatasi ya namna hiyo mara nyingi si mfupi duniani. Chukua mpira, weka alama mbili, kisha kaza uzi kati yake: uzi utajilaza kwenye njia fupi kuliko zote, na njia hiyo ukiihamishia kwenye ramani bapa itaonekana imepinda. Marubani hufuata uzi, hawafuati rula.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York kwa Boeing 787. Ukiweka rula kwenye ramani ya darasani, ndege ingetoka Afrika karibu na Mauritania. Njia fupi ya kweli inapanda kaskazini-magharibi kupitia Sudan Kusini, Chad, Niger na kusini mwa Aljeria, inatokea baharini kwenye pwani ya Moroko, kisha inavuka Atlantiki. Jumla ni kama kilomita 11,800. Shirika lilitangaza kwamba kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12, na kwamba upande mmoja ni saa 15 na mwingine ni 14. Nauli na mizigo tuviache kando. Kinachogusa hoja yetu ni hiyo tofauti ya saa moja, kwa umbali uleule na ndege ileile.

Tofauti hiyo ni ya upepo. Watu wa pwani wanajua tangu zamani kwamba safari ya Maskati na Unguja ilipangwa na kaskazi na kusi. Huko juu nako, kwenye kilomita 10 hadi 12 ambako ndege za jeti hupita, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa mbali na ikweta, na mara nyingine huzidi kilomita 200 kwa saa. Anayeelekea mashariki husukumwa, anayeelekea magharibi huzuiwa. Februari 2020, wakati dhoruba kali ikipita Atlantiki ya kaskazini, ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa 6 na zaidi. Injini zake hazikuwa na nguvu mpya, ila upepo ulikuwa nyuma yake. Kwetu Tanzania athari hii ni ndogo kwa anayekwenda Ulaya, kwa sababu njia yake inapanda kaskazini badala ya kukata mashariki au magharibi. Inaonekana zaidi kwa anayekwenda Guangzhou, kama kilomita 8,700 kutoka Dar es Salaam, au kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani.

Kuna jambo jingine la asili ambalo halisemwi sana, nalo ni mwinuko. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kutosha cha kuegemea, na ndege iliyojaa watu na mafuta hushindwa kupaa na uzito wake wote. Kwa sababu hiyo Ethiopian Airlines kwa miaka mingi imerudi kutoka Washington hadi Addis Ababa bila kusimama, lakini wakati wa kwenda ndege hutua njiani kuongeza mafuta. Nairobi nayo iko mita 1,600 na zaidi, ndiyo maana kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi na nzito, kunasaidia safari ndefu kama ile ya New York. Songea nayo iko juu, zaidi ya mita 1,000. Anayeuliza kwa nini jeti kubwa haiji kumchukua mlangoni ajue kwamba hata mwinuko peke yake ungedai njia ya kurukia iliyo ndefu kuliko ambayo ingehitajika pwani.

Sasa tuje kwenye mbio. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya London hadi Cape Town. Ndege zake ndogo zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya miongoni mwa vituo vingi, abiria walilala chini kila usiku, na safari nzima ilichukua siku kama 11, kikiwemo kipande cha treni huko Ulaya. Kuanzia 1937 zikaja ndege za majini, zilizotua ziwani na baharini: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, kisha Lindi, hadi Durban. Lindi, mji wa kusini kwetu, ilikuwa kituo kwenye njia kuu ya dunia, kwa sababu ndege za wakati ule hazikuweza kuruka mbali bila kujaza mafuta. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC likaanzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika kwa saa 24 kasoro kidogo. Siku zilikuwa zimegeuka kuwa saa.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1966 East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilipokea ndege zake za Super VC10. Ndege hizo zilisafiri karibu kilomita 900 kwa saa. Dreamliner ya Air Tanzania, yaani Boeing 787, ambayo ya kwanza ilitua Dar es Salaam Julai 2018, nayo husafiri karibu kilomita 900 kwa saa. Zaidi ya miaka 50 imepita na mbio ni zilezile. Sababu ni mafuta: ukikaribia mwendo wa sauti, hewa huanza kukuzuia kwa nguvu kubwa, na kila dakika unayookoa unailipia ghali. Concorde ilivuka mwendo huo, ikahudumia njia chache za matajiri, ikastaafu mwaka 2003. Wataalamu wa ndege walielekeza akili zao kwenye kuruka mbali zaidi kwa mafuta machache, na hapo walifanikiwa sana. Kwa hiyo saa zilizopungua tangu enzi za VC10 zilipungua kwa kuondoa vituo. Aliyetua Entebbe na Khartoum leo hatui. Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza kwamba muda wa safari unategemea zaidi kusimama kuliko mbio.

Ushahidi wa pili ni wa mipaka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulithibitisha kwamba kila nchi inamiliki anga iliyo juu yake. Ndege haiwezi kupita bila idhini, hutozwa ada ya kupita, na haki ya kuchukua abiria au mizigo hutolewa kwa makubaliano ya nchi na nchi. Anga inayoonekana wazi ina mageti. Waafrika tumewahi kuyafunga kwa sababu nzuri: baada ya nchi huru za Afrika kukutana Addis Ababa mwaka 1963 na kuunda Umoja wao, anga ya nchi nyingi ilifungwa kwa ndege za Afrika Kusini ya ubaguzi. Safari zao za Ulaya zikalazimika kuzunguka bara lote upande wa Atlantiki na kutua kisiwa cha Sal, Cape Verde, kujaza mafuta. Siku hizi mageti hufungwa na vita. Vita vilipolipuka Khartoum Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa, na ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, ambazo njia yao fupi hupita hapo hasa, zikaanza kuzunguka. Ulaya na Urusi zilipofungiana anga mwaka 2022, safari ya Finnair kutoka Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka saa 9 hivi hadi karibu 13. Hakuna upepo wa kawaida unaoweza kumwongezea abiria saa 4.

Na si vita tu. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Serikali mbili zilikaa zikamaliza jambo hilo ndani ya siku chache, kabla zuio halijaanza, na nadhani zilifanya vema. Lakini kwa siku hizo chache, kwa abiria wa Kenya Airways, safari ya saa moja na ushee ilikuwa hatarini kugeuka safari ya kuunganisha kupitia mji mwingine, pasipo hata kilomita moja kuongezeka duniani. Vilevile Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga yake kwa hoja za usalama, na Juni 2025 ukajumuisha mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Dreamliner yetu ina uwezo wa kufika Ulaya bila kutua. Kinachoizuia ni ukaguzi na vyeti, na hilo ni deni la kulipwa nyumbani, kwa wakaguzi wa kutosha na kumbukumbu za matengenezo zinazoaminika.

Hapo ndipo linapotokea pingamizi la kwanza, na lina uzito. Watu husema: basi mashirika ya Ghuba na Uturuki yanatuzungusha kwa faida yao, yanatupitisha Doha na Istanbul wakati tungeweza kwenda moja kwa moja. Tuipime hoja hiyo kwa safari inayoeleweka vizuri upande wa Maposeni. Wamisionari Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 walitoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na uhusiano na huko haujakatika. Kutoka Maposeni hadi Munich, kwa njia fupi kuliko zote, ni karibu kilomita 7,000. Ukipita Songea, Dar es Salaam na Istanbul, jumla ya kilomita za angani ni kama 7,600. Ukipita Songea, Dar es Salaam na Doha ni kama 8,700. Istanbul basi imeongeza kilomita 600, chini ya saa moja ya kuruka, kwa sababu iko karibu kabisa na njia. Doha imeongeza saa 2 hivi. Mzunguko huo si mkubwa kama tunavyoufikiria. Na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Munich ingehitaji abiria mia mbili na zaidi kila inapoondoka, ilhali wanaokwenda Munich hasa ni wachache. Mji wa kuunganishia hukusanya wachache wa Dar es Salaam, wachache wa Entebbe na wachache wa Lusaka, ukawapakia pamoja. Bila mpango huo wengi wetu tusingekuwa na safari yoyote ya kila siku.

Kwa hiyo kilomita za ziada si tatizo kubwa. Ukizigawa kwa mwendo wa ndege, hata safari ya Doha ni chini ya saa 11 za hewani kutoka Songea hadi Munich. Mbona msafiri wa Maposeni huhesabu siku mbili? Ziorodheshe saa zake. Basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, siku imeisha. Usiku mmoja kwa ndugu Mbagala au Ubungo, kwa sababu hawezi kuthubutu kufika siku ileile ya ndege ya kimataifa: gari likiharibika kwenye mlima wa Kitonga njiani, tiketi ya milioni kadhaa imepotea. Saa tatu za kuwahi uwanjani. Kusubiri mji wa kuunganishia, pengine saa mbili, pengine kumi. Ukijumlisha, saa alizokaa hewani hazifiki theluthi ya safari, na kipande kirefu kuliko vyote ni kile cha kutoka Songea hadi Dar es Salaam. Kwa mstari wa anga kipande hicho ni kilomita 580 tu.

Pingamizi la pili husema: lakini Songea ina uwanja, na ndege za panga boi za Air Tanzania zinatua, anayepanda basi amechagua mwenyewe kwa kuwa nauli ni nafuu. Ni kweli, na hakuna aibu katika uchaguzi huo. Mkulima wa mahindi au kahawa hawezi kuambiwa alipe nauli ya ndege ili asifu maendeleo. Hata hivyo hoja hii inasahau kwamba msafiri halipii mbio peke yake, analipia uhakika. Ndege hiyo ya panga boi, Dash 8, inafika Dar es Salaam kwa saa moja na nusu hivi. Kama inafika mchana na ndege ya Istanbul au Doha inaondoka jioni au usiku, usiku wa kulala mjini hauhitajiki, wala siku ya basi. Kama ratiba ya Songea haipo siku ya safari yako, au inafika baada ya ndege kubwa kuondoka, mbio zake hazikusaidii kitu. Utawahi kufika ili usubiri. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kwa mikoa ya kusini, ratiba ya ndege ndogo iliyopangwa kukutana na ndege kubwa inafupisha safari kuliko Dreamliner yoyote mpya. Mgonjwa anayepelekwa India na mwanafunzi anayewahi kufungua chuo wanaihitaji zaidi ya mtalii.

Sambamba na ratiba kuna suala la tiketi, ambalo wakala mwaminifu hulieleza lakini si kila mara. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, begi lako hupokelewa mwanzoni na kuonekana mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua kipande cha Songea peke yake na kipande cha nje peke yake, mbele ya mashirika hayo wewe ni wasafiri wawili tofauti. Utachukua begi lako Dar es Salaam, utalikabidhi upya, na ukichelewa hasara ni yako. Kabla ya kulipa, uliza swali moja tu: je, hii ni tiketi moja hadi mwisho? Na kama jibu ni hapana, acha nafasi kubwa katikati, hata kama ratiba inavutia.

Mwisho, usiisome tiketi vibaya. Saa zilizoandikwa ni za mahali: ya kuondoka ni ya kwetu, ya kufika ni ya kule. India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Ndege ikiondoka Dar es Salaam saa 10 jioni, tiketi itaandika 16:00, na ikiruka saa 6 hadi Mumbai itatua saa 6 na nusu usiku kwa saa za huko, 00:30, tarehe ya kesho. Ukihesabu kwa macho utaona saa 8 na nusu. Wakati wa kurudi, ndege ikiondoka Mumbai saa 10 jioni ya huko itatua Dar es Salaam saa 1 na nusu usiku, na utaona saa 3 na nusu kwa umbali uleule wa kilomita 4,700. Anayempokea mgeni asipoijua tofauti hiyo hufika uwanjani siku isiyo yake, hasa tarehe inapobadilika usiku wa manane. Ili kupata muda wa kweli, badili kwanza saa zote mbili ziwe za Dar es Salaam, ndipo utoe. Fanya hivyo pia kwa saa za kusubiri, kipande kwa kipande, tangu stendi ya Songea. Tiketi mbili zenye nauli moja zinaweza kutofautiana kwa usiku mzima.